Irsay alimtema Manning, akalia, akamjengea sanamu: alikuwa mnafiki?

SWALI: Nina miaka miwili hapa Indianapolis, nafanya kazi ghalani. Nje ya uwanja wa Lucas Oil kuna sanamu kubwa ya Peyton Manning, mchezaji wa zamani wa Colts, timu ya mpira wa Kimarekani ya hapa. Wenzangu kazini, watu wa hapa hapa, wananiambia mwenye timu, marehemu Jim Irsay, alimtema Manning akiwa majeruhi baada ya miaka 14, akalia mbele ya kamera, halafu baadaye akamsimamishia sanamu. Mimi nimekulia kwenye soka. Kwetu mchezaji akiumia na mkataba upo, unamlipa mpaka uishe. Naomba mtaalamu unieleweshe: jamaa alikuwa mnafiki, au kuna kitu sikijui?

JIBU: Ndugu yangu, kuna kitu hukijui, na nadhani hata hao wenzako wameshakisahau. Ni tarehe. Manning aliachwa Jumatano ya 7 Machi 2012. Kesho yake, kama jina lake lingekuwa bado kwenye orodha ya Colts, timu ilitakiwa kumlipa bonasi ya dola milioni 28. Anayesimulia kisa hiki bila kutaja siku hizo mbili anakupa nusu ya habari.

Turudi nyuma kidogo. Mkataba wenyewe ulisainiwa 30 Julai 2011: miaka 5, dola milioni 90. Ukisikia hivyo kwa masikio ya soka unadhani milioni 90 zimeshakuwa za mtu. Hapana. Kwenye soka, kwa kanuni za FIFA, jeraha peke yake si sababu halali ya kuvunja mkataba; klabu inabanwa mpaka mwisho. NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, haiendi hivyo. Mikataba yake mingi ina sehemu yenye dhamana na sehemu isiyo na dhamana, na ile isiyo na dhamana timu inaweza kuachana nayo mwaka wowote. Kwa hiyo mtu wa NFL akisoma mkataba haanzi na jumla. Anatafuta kwanza fedha ipi ina dhamana, na timu inaweza kutokea mlango gani, lini. Mlango wa Colts uliandikwa wazi: 8 Machi 2012. Ukimtaka kwa miaka 4 iliyobaki, lipa milioni 28 na uendelee naye. Humtaki, mwache kabla ya siku hiyo.

Na kumbuka hali ya shingo ya Manning siku anasaini. Alikuwa amepasuliwa Mei mwaka huo huo. Ligi ilikuwa imetoka kwenye mgogoro wa wamiliki na wachezaji uliofunga milango tangu Machi hadi Julai, hivyo kwa miezi hiyo hakuruhusiwa kutibiwa na wataalamu wa timu yake mwenyewe. Irsay, ambaye alishatangaza hadharani kwamba atamfanya mchezaji anayelipwa kuliko wote, alikuwa anasaini na mtu wa miaka 35 ambaye hakuna aliyejua mkono wake utarudi lini. Ndiyo maana kile kipengele kiliwekwa. Kwa maoni yangu waliachana pale, Julai 2011. Machi 2012 walikuja kutangaza tu, na Manning alikuwa ameshaweka sahihi yake kwenye karatasi ile ile.

Kwa msimu wa 2011 alilipwa dola milioni 26.4 na hakucheza hata mechi moja. Hilo nalo wenzako hawalisemi, na ni haki ya marehemu lisemwe.

Sasa hiyo shingo. Watu husema "aliumia shingo" wakadhani ni mfupa uliovunjika ukaunga. Tatizo lilikuwa diski iliyochomoza na kubana neva inayoshuka kwenye mkono wa kulia, mkono wa kurushia. Neva ikibanwa, misuli inayoitegemea inalegea, na kwa Manning iliyolegea ni ile ya nyuma ya mkono wa juu, inayonyoosha kiwiko wakati wa kurusha. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzo wa kila shambulizi na kuamua aupeleke wapi. Akikosa nguvu kwenye kiwiko, akili yote iliyomo kichwani haimsaidii kitu.

Kuna kisa alichokuja kukisimulia baadaye. Wakati wa ule mgogoro alikwenda Denver kwa siri, kufanya mazoezi kwa rafiki yake wa chuoni Tennessee, Todd Helton, aliyekuwa akichezea timu ya besiboli ya Rockies. Akarusha mpira wa kwanza. Haukufika popote, ukaanguka chini. Helton akacheka, akidhani anataniwa. Hapakuwa na utani. Mtu aliyewahi kuwa mchezaji bora wa ligi mara 4 alikuwa ameshindwa kumfikishia mpira mwenzake aliye hatua chache mbele yake.

Septemba 2011 akapasuliwa tena, safari hii madaktari wakaunganisha pingili mbili za shingo. Hapa kuna jambo la kitabibu ambalo limebeba kisa kizima. Mfupa ukishaunga, picha inaonyesha, na daktari anaweza kusema kwamba kwa mtu huyu kugongwa si hatari kupita kawaida. Neva haionyeshi hivyo. Iliyoumia huota upya taratibu, takriban milimita 1 kwa siku, na wakati mwingine hairudi yote. Kwa hiyo kulikuwa na maswali mawili tofauti: je, ni salama kwake kurudi uwanjani, na je, akirudi atakuwa Manning? La kwanza lingeweza kujibiwa Februari 2012. La pili hakuna daktari duniani angeweza kulijibu kabla ya 8 Machi.

Ugomvi wa hadharani ulizaliwa kwenye tofauti hiyo. Mwanzoni mwa Februari daktari aliyempasua alitoa taarifa kwamba anafaa kurudi uwanjani. Irsay akaingia Twitter na kuandika kwamba Manning hajafaulu vipimo vya timu na hajaruhusiwa kuichezea Colts. Ukisoma haraka unaona mmoja wao anadanganya. Walikuwa wanajibu maswali mawili tofauti. Wiki chache kabla ya hapo Manning alikuwa ameliambia gazeti la mji huo kwamba ndani ya jengo la timu watu wanatembea kwa kunyata, hawajui nani anafuata kufukuzwa. Irsay akakasirika, akamwita mwanasiasa. Hayo yote wiki ambazo mji ulikuwa unajiandaa kupokea Super Bowl, fainali ya ligi, ambayo ilichezwa hapo hapo Lucas Oil tarehe 5 Februari, na aliyeibuka shujaa wa mechi ni Eli Manning, mdogo wake Peyton, akiwa na timu ya New York Giants. Mtunzi wa tamthilia angeandika hivyo angeambiwa amezidisha chumvi.

Lakini hata shingo na milioni 28 zisingetosha. Kama Colts ingemaliza msimu wa 2011 katikati ya msimamo, ninaamini Irsay angelipa, au angemwomba Manning wasogeze tarehe. Kilichokata shauri ni jinsi timu ilivyoanguka bila yeye. Manning alikuwa ameanza mechi 227 mfululizo ukijumlisha na za mtoano, tangu mechi yake ya kwanza mwaka 1998. Mnyororo ulikatika 11 Septemba 2011 Houston: Colts ikafungwa 34-7. Wakamtoa Kerry Collins kwenye ustaafu aje kuziba pengo, hakuziba. Huko New Orleans Colts wakapigwa 62-7. Mechi 13 za kwanza walipoteza zote, wakamaliza na ushindi mara 2 tu. Timu iliyotegemea mgongo wa mtu mmoja kwa miaka 13 iliposhuka chini ikagundua haina miguu yake.

Bill Polian, bosi wa usajili aliyemchagua Manning mwaka 1998, kibarua kikaota nyasi 2 Januari 2012. Kocha Jim Caldwell akafuata kabla ya mwezi kuisha. Manning akabaki amezungukwa na watu wapya ambao hawakuwa na historia naye.

Na NFL haina kushuka daraja. Timu iliyovuta mkia ndiyo inayochagua ya kwanza kwenye drafti ya vijana wanaotoka vyuoni. Kijana wa mwaka huo alikuwa Andrew Luck wa Stanford, ambaye wachambuzi walikuwa wanasema kwotabeki wa aina yake hajaonekana kwenye drafti tangu Manning mwenyewe.

Sasa tazama bei. Mwaka 2010, mchaguliwa wa kwanza, Sam Bradford, alipewa miaka 6 kwa dola milioni 78. Mkataba mpya wa ligi na wachezaji uliomaliza mgogoro wa 2011 ukazifyeka bei za vijana. Luck akasaini miaka 4 kwa dola milioni 22.1. Soma tena hapo: miaka 4 yote ya Luck ilikuwa rahisi kuliko bonasi moja ya Manning. Tena kwenye ligi ambayo kila timu mwaka 2012 ilikuwa na ukomo wa mishahara wa dola milioni 120.6. Huko kwenye soka tajiri akitaka kuwaweka nyota wawili wa nafasi moja, anafungua pochi. Hapa pochi imefungwa na sheria, na ukimlipa kwotabeki mmoja vizuri na mwingine vizuri, huna fedha ya kumpata mtu wa kuwalinda wote wawili.

Wenzako watakuuliza, mbona hakumuuza? Ni swali zuri na jibu lake liko kwenye kalenda. Dirisha la kubadilishana wachezaji lilifunguliwa 13 Machi, siku 5 baada ya tarehe ya bonasi. Ili Irsay amuuze, ilibidi kwanza alipe milioni 28, kisha atafute timu itakayokubali kumchukua mtu ambaye hakuna aliyemwona akirusha mpira kwenye mechi kwa zaidi ya mwaka. Ukilipa hurudishiwi, hata shingo ikigoma wiki inayofuata. Kulikuwa na njia moja tu ya kukwepa hilo, pande zote mbili zikubaliane kusogeza tarehe. Hazikusogeza.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema alitupwa. Mchezaji anayeuzwa anapelekwa anakopelekwa. Manning aliondoka huru kabisa, bila ada wala masharti, na angeweza kusaini hata Tennessee Titans, wanaocheza na Colts mara mbili kila msimu. Si maneno matupu: mwenye Titans, Bud Adams, alitangaza wazi kwamba anamtaka, na Manning akaenda kuwasikiliza. Alizungumza na Denver, Arizona, Miami, akawarushia mpira San Francisco wamwone. Mtu wa miaka 36 kasoro siku chache, amepasuliwa shingo, na matajiri wanapanga foleni. Irsay alijua anaweza kumpa silaha mpinzani wake, akamwachia hivyo hivyo.

Mkutano wenyewe wa waandishi wa habari uko kwenye video, utafute uutazame mwenyewe, Kiingereza chake ni chepesi. Wamesimama pamoja jukwaani. Mara nyingi kwenye michezo mchezaji hupewa mkono wa kwaheri kwa taarifa ya mistari mitatu na picha yake ya zamani. Irsay alisema namba 18 haitavaliwa tena na mtu mwingine kwenye timu hiyo. Manning sauti ilimkatika alipofika kwa watu wa nyuma ya pazia, wanaotunza vifaa na kufua jezi. Akasema hakuna kinachodumu milele, akasema bado anataka kucheza, akamalizia kwa kuwaambia watu wa Indiana kwamba kwa kweli alifurahia kuwa kwotabeki wao. Mimi sioni kwa nini nisiamini machozi ya Irsay. Mtu anaweza kulia na bado akajua hesabu yake iko sawa.

Kuna jambo la familia pia, na bila hilo huwezi kumpima Irsay kwa haki. Baba yake, Robert Irsay, aliichukua Colts mwaka 1972 ikiwa bado Baltimore. Kwotabeki wake alikuwa Johnny Unitas, mungu mdogo wa mji ule, naye mzee, mkono umeshachoka. Katikati ya msimu wa kwanza wa Irsay mzee, kocha akafukuzwa, Unitas akawekwa benchi, na Januari 1973 akauzwa San Diego. Alikuwa na miaka 39. Mwaka 1984 timu ikahamishwa usiku usiku kwa malori kwenda Indianapolis, na Unitas mpaka anakufa hakutaka kuhusishwa na Colts ya huko. Jim alikuwa na miaka 13 Unitas anauzwa. Alikua akiliona hilo donda. Kwamba alipofikiwa na zamu yake alisimama kwenye jukwaa moja na mtu anayemwacha, mimi siiti bahati.

Usinielewe kwamba ninamsafisha. Irsay alikuwa tajiri mwenye mdomo. Oktoba 2013, Manning anakaribia kurudi Indianapolis kwa mara ya kwanza na jezi ya Denver, Irsay aliwaambia waandishi kwamba kipindi chote kile cha takwimu za ajabu walipata pete moja tu ya ubingwa na kwamba sasa wamebadilisha mtindo kwa sababu wanataka zaidi ya moja. Ilikuwa ni kumpiga kijembe mtu aliyeugeuza mji wa besiketiboli na mbio za magari kuwa mji wa mpira. Bila Manning nina shaka kama huo uwanja unaoupita ukienda kazini ungejengwa. Colts ilishinda mechi ile 39-33, lakini maneno yale hayakuwa ya lazima.

Je, alipata hizo pete alizozitaka? Hapana. Luck aliipa timu ushindi 11 kila mwaka, 2012, 2013 na 2014, na Januari 2015 aliitoa Denver ya Manning kwenye mtoano, 24-13. Kisha bega likaharibika. Msimu wote wa 2017 hakucheza, na 24 Agosti 2019 akastaafu akiwa na miaka 29, huku mashabiki wakimzomea anatoka uwanjani. Yule aliyeletwa ili timu isitegemee mwili uliochakaa, mwili wake ulichakaa kabla ya umri ambao Manning alishinda ubingwa wake wa kwanza, yaani miaka 30. Hakuna mkataba uliowahi kuandikwa wa kukinga hilo.

Manning kwa upande wake alisaini Denver 20 Machi 2012, miaka 5 kwa dola milioni 96. Waambie wenzako wachunguze mkataba huo pia: fedha za 2013 na 2014 ziliwekewa sharti kwamba shingo ikaguliwe kwanza. John Elway, aliyekuwa bosi wa usajili pale na kwotabeki mkubwa wa zamani, alijikinga na kitu kile kile alichokiogopa Irsay. Tofauti ni kwamba Elway hakutakiwa kutoa milioni 28 kwa mkupuo siku ambayo hakuna aliyejua lolote.

Ukibishana nao, watakutajia Super Bowl ya Februari 2016, Denver 24, Carolina 10, Manning akiwa na miaka 39. Usikubali hiyo kama ushahidi. Msimu huo alirusha pasi 9 za tachidauni, yaani za kufunga, akanyang'anywa 17, akawekwa benchi katikati ya msimu, na ubingwa ulibebwa na walinzi, mchezaji bora wa mechi akiwa Von Miller. Mwezi uliofuata, 7 Machi 2016, miaka 4 kamili tangu Colts wamwache, akatangaza kustaafu.

Wakikutajia 2013, nyamaza. Mwaka ule alirusha tachidauni 55 na yadi 5,477, zote mbili rekodi za ligi, akawa mchezaji bora kwa mara ya 5, kwa mkono ule ule uliomchekesha Helton. Kama Irsay angelipa zile milioni 28 na kuiuza nafasi ya kumchagua Luck kwa rundo la wachezaji, msimu ule ungekuwa wa Indianapolis. Angeweza kulijua hilo Machi 2012? Hapana. Lakini watu wa hapo waliutazama msimu ule kwenye televisheni, umevaa jezi ya rangi ya chungwa, na kwenye hilo wana haki yao ya kununa.